Nani Wali Kuku? Kiswahili cha Mezani kutoka Ipogolo



Nawashukuru walioniita kusema mbele yenu. Nilipoulizwa mada yangu kwa simu, nilitaja ulaji wa hotelini na unywaji wa vilabuni. Aliyekuwa akinisikiliza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu kama sikuwa na jambo jingine lenye taaluma zaidi. Sikuwa nalo. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika meza ya hoteli ya kando ya barabara kuna taaluma ya kuwashughulisha wanaisimu wa Kiswahili kwa muda mrefu kuliko saa moja niliyopewa.

Kila aliyesoma Kiswahili katika shule ya sekondari nchini Tanzania anaujua mfano ufuatao. Mwalimu anafundisha rejesta, yaani namna lugha inavyobadilika kulingana na shughuli na mahali. Anasema: mhudumu anatoka jikoni amebeba sahani mikono yote miwili, anauliza, "Nani wali kuku?" Mteja mmoja anajibu, "Mimi hapa." Darasa linacheka, kwa kuwa mtu amekubali kuwa wali, tena kuwa kuku. Mwalimu anaandika ubaoni sifa za rejesta ya hotelini: ni lugha ya mkato, haizingatii sarufi. Halafu anahamia lugha ya mahakamani. Mfano huo nimeufundisha mwenyewe kwa miaka mingi, na kicheko chake nimekifurahia. Leo nimekuja kuutengua, kwa sababu naamini kwamba katika zile sifa za ubaoni tuliwafundisha vijana jambo moja lisilo kweli.

Sina budi kueleza nimelitoa wapi. Wageni wetu huenda hawajui kwamba mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na Ipogolo iko chini yake, pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapopita karibu na Mto Ruaha Mdogo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini, na barabara hii, iliyokuwa ya vumbi na matope, ikajengwa kwa lami katika miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970. Malori yalileta madereva wa kila kabila na kila nchi, wote wenye njaa, wote wasiojua Kihehe. Mama yangu aliwapikia. Asubuhi ilikuwa supu na chapati, mchana wali na ugali, na majira ya mvua yakifika aliuza ulanzi nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa muosha makopo. Nilipoingia sekondari nikapewa fomu ya kujaza kazi ya mzazi, niliandika "mkulima". Hakuwa mkulima. Alikuwa na kilabu, na niliona neno hilo haliwezi kuandikwa katika karatasi ya shule.

Tuanze basi na sarufi. Mhudumu wa Ipogolo akiagizwa na meza yenye watu watano hugeukia dirisha la jikoni na kutangaza: "Kuku mbili, ng'ombe moja, wali mbili, maharage moja!" Mwalimu wa sarufi ataona makosa manne katika pumzi moja. Kuku na ng'ombe ni viumbe hai, kwa hiyo inapasa kuwa kuku wawili, ng'ombe mmoja. Wali hauhesabiki. Maharage yako katika ngeli ya wingi, na haiwezekani yakawa moja. Lakini tazameni vizuri. Nomino zilizotajwa ni za ngeli mbalimbali, nazo zote zimepewa upatanisho wa namna moja, ule wa I-/ZI-. Makosa ya ovyo hayaendi kwa mpango kiasi hicho.

Maelezo ya kwanza yanayokuja akilini ni kwamba kuna nomino iliyofichwa, nayo ni sahani: sahani mbili za kuku, sahani moja ya maharage. Maelezo hayo yanapendeza, ila yanakwama kwenye uji. Uji hupimwa kwa kikombe. Kama hesabu ingekuwa inafuata chombo, tungesikia "uji viwili", na sijapata kumsikia mtu akisema hivyo. Husemwa "uji mbili". Mtori huja katika bakuli, lakini haisemwi "mtori mawili". Basi kilichofichwa si chombo hiki wala kile. Ni kitu kilichoagizwa kwa jumla yake, ambacho Kiswahili kimekiweka katika ngeli ileile inayopokea karibu kila kigeni kinachoingia kwetu.

Mwenzangu mmoja, mkali wa mofolojia, alinipinga. Alisema huo si upatanisho; mhudumu anahesabu tu, kama ahesabuye mtoto: moja, mbili, tatu. Hoja hiyo ilinisumbua kwa muda, hadi nilipokaa karibu na dirisha la jikoni na kusikia sauti ya mpishi: "Kuku hizi mbili za nani? Na wali hizi?" Hizi! Hakuna anayehesabu kwa kusema "hizi". Kiashiria kimefuata ngeli, na kwa hiyo upatanisho upo. Mwenzangu alikuwa na risasi ya pili: kwamba wasemaji wengi wa bara, na hasa wa Nairobi, husema "kuku mbili" hata kwa kuku wanaotembea. Ni kweli kwa hao. Lakini mama yangu, ambaye jikoni hakusema lolote ila kuku mbili, kideri kilipoingia bandani alisema kuku wawili wamekufa. Kwake hizo zilikuwa habari mbili tofauti. Aliyeagiza kuku mbili aliletewa vipande katika sahani mbili. Aliyesema kuku wawili alikuwa na harusi.

Ipo tena agizo la maji. Mteja husema "maji makubwa" akimaanisha chupa kubwa, na "maji madogo" akimaanisha chupa ndogo. Nimesikia si mara moja: "Tuletee maji makubwa mbili." Ukubwa umepatana na maji, idadi imepatana na kile kilichofichwa, vyote katika kirai kimoja cha maneno matatu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanzie hapo; mimi nimeshazeeka.

Nayo "Nani wali kuku?" yenyewe? Mhudumu aliyebeba sahani sita haulizi kuhusu tabia ya mtu. Anagawa. Majina ya wateja hayajui na hana haja nayo. Anachojua ni maagizo, na kila mteja kwake ni agizo lake. Nilielewa uzito wa jambo hili mahali ambapo hapana sauti. Kituo cha Neema Crafts kilianza hapa Iringa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, na mgahawa wake ulihudumiwa na viziwi. Mteja aliandika agizo lake kwenye karatasi. Siku ya kwanza nilipokwenda, kwa kuwa ni mwalimu wa lugha, niliandika sentensi kamili yenye naomba na tafadhali na viunganishi vyote. Dada aliyenihudumia aliisoma pole kwa pole, akatabasamu, akachukua kalamu, akaandika chini yake maneno mawili na tarakimu moja. Alikuwa ameandika kile ambacho mama yangu angekipazia sauti dirishani. Tangu siku hiyo sijarudia kuiita lugha ya mkato. Mkato ni wa kitu kilichokuwa kirefu kwanza.

Niseme machache juu ya majina ya mahali penyewe, kwa sababu yanabeba historia yetu ya kijamii kuliko tunavyodhani. Kiswahili kina mkahawa, neno lililozaliwa na kahawa, ambalo Tanzania hulisikia zaidi kama mgahawa. Ni jina la pwani, la watu waliokaa barazani na vikombe vidogo. Huku bara jina lililotawala ni hoteli, nalo halimaanishi mahali pa kulala. Hoteli ni mahali pa kula, hata kama ni mabati manne na benchi. Anayetaka kulala hutafuta gesti. Grosari ilikuwa duka la vyakula huko ilikotoka. Kwetu, mtu akikwambia yuko grosari hakwenda kununua unga.

Lakini linalonivutia kuliko yote ni kilabu. Neno moja la Kiingereza lilibisha hodi kwetu mara mbili na kupewa vyumba viwili. Klabu, bila irabu ya kwanza, ni ya mpira na ya muziki wa usiku, na wingi wake ni klabu vilevile. Kilabu, yenye irabu, ni cha pombe za kienyeji, na wingi wake ni vilabu. Ile "ki" ya mwanzo ilipokelewa kama kiambishi cha ngeli, kama ilivyotokea kwa kitabu cha Kiarabu ambacho kwetu kilizaa vitabu. Sasa angalieni tabaka linavyojificha ndani ya irabu moja. Mwenye klabu ni mfanyabiashara. Mwenye kilabu ni mama yangu. Neno lililochukua sura ya Kiswahili zaidi ndilo lililopewa watu wa chini zaidi, na mimi mwanawe ndiye niliyeandika "mkulima".

Sasa niingie katika vinywaji, na mnivumilie wale mnaoepuka kileo, nazungumzia maneno.

Ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga. Mvua zinapoanza na machipukizi kutoka ardhini, mgema hukata ncha ya chipukizi na kuning'iniza chini yake kipande cha mwanzi mkavu kiitwacho mbeta, nao utomvu hudondokea humo. Hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili kidonda kisizibe, na kinachopatikana hukimimina katika dumu. Unaponywewa siku hiyohiyo ni mtamu, na hata watoto hupewa. Huo huitwa mtogwa. Ukikaa, huchacha wenyewe bila kuongezwa chochote, na kila siku unayoungoja huongeza ukali, hadi unapofikia ule ambao wengine huuita mkangafu. Mvua zikikatika, msimu umekwisha.

Tazameni maneno yalivyosafiri. Kugema na mgema ni maneno ya pwani, ya minazi na tembo. Ndiye mgema yule wa methali, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Huku Uheheni na Ubenani hakuna mnazi hata mmoja, lakini kitenzi kilipanda mlima, kikakuta mwanzi, kikaushika. Katika safari hiyo hakikubadilika maana, kilibadilika mti. Mbeta na mtogwa, kwa upande wao, yamekuja kutoka lugha za hapa na kuingia katika Kiswahili cha kilabuni, ambamo dereva wa Kinyakyusa aliyezoea kimpumu na mwenzake wa Kizigua waliyatumia kwa ufasaha bila kuuliza ni ya nani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, na ilipotoka tena mwaka 2004, wengi wetu tuliifungua kutafuta maneno magumu ya ushairi. Nawaomba mwifungue leo jioni mtafute mbeta. Mtafute pia maana ya "moto" ninayoileta sasa hivi.

Mhudumu wa baa, kabla ya kufungua chupa, huuliza: "Ya baridi au ya moto?" Mgeni kutoka Ulaya aliyejifunza Kiswahili darasani hushtuka, akidhani anaambiwa bia ichemshwe. Bia ya moto haikupita jikoni. Ni ile iliyotoka kwenye kreti bila kupita kwenye friji, na hapa Iringa, zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai bia ya moto ni baridi ya kutosha kuumiza meno. Kwa hiyo "moto" katika rejesta hii halielezi joto. Linaeleza kukosekana kwa friji. Friji ndilo lililoumba maana hiyo, nayo imeenea kutoka Kyela hadi Dar es Salaam bila kikao cha kamati yoyote. Si jambo la kuchekesha. Ni badiliko la maana lililotokea mbele ya macho yetu, katika umri wetu, na ambalo tungeweza kulifuatilia mwaka kwa mwaka kama tungeliona ni la kuheshimika.

Hadithi ninayotaka kuifikia ni ya vileo vya kuchanganywa, vile vinavyoitwa kokteli, na vya visahani vidogo vinavyoandamana navyo. Miaka kadhaa iliyopita mtu mmoja alifungua mgahawa juu mjini. Palikuwa pazuri kweli: mishumaa mezani, ukuta wa mawe, muziki wa taratibu, kaunta yenye chupa za rangi zote, na vyakula vilivyoletwa kidogokidogo ili watu wale kwa kushirikiana huku wakizungumza. Sitapataja jina. Mwenyewe aliniomba nimtafsirie orodha yake kwa Kiswahili, kwa kuwa wageni huvutiwa nacho. Nilifurahi. Nilikaa na kamusi zangu kwa majuma mawili, nikatohoa, nikabuni, nikanyambulisha. Vyakula vya mwanzo niliviita "vitangulizi". Visahani vidogo nikaviita "vionjo vya ushirika". Kileo kimoja cha ndimu na sukari kilipata jina la maneno sita, ambalo kwa heshima yenu silirudii.

Nilipoipeleka, aliyenipokea alikuwa msichana wa Ipogolo, mhudumu wa pale, ambaye shangazi yake alijuana na mama yangu. Alinisalimia shikamoo, akaisoma orodha yote kwa makini ya mtu anayejua kwamba kesho yeye ndiye atakayesimama nayo mbele ya watu. Kisha akasema, "Mwalimu, samahani. Mteja akiniuliza hii ni nini, nimwambieje?" Nikamwambia ni kokteli. Akasema, "Sasa si niseme kokteli?" Nikamuuliza, basi Waswahili wanaokuja hapa huagizaje? Akajibu bila kufikiri: "Wanasema nichanganyie."

Nichanganyie. Mabibi na mabwana, niliketi. Kwa majuma mawili nilikuwa nikitafuta nomino, kumbe lugha ilikuwa imelitatua jambo kwa kitenzi. Akaanza kunitajia mengine, nami nikayaandika nyuma ya orodha yangu mwenyewe: niongezee, nipunguzie, nikatie, nikaangie, nipashie, nifungie. Hilo la mwisho ndilo la chakula cha kuondoka nacho, ambalo mabango ya mjini huliandika kwa Kiingereza kana kwamba hatujawahi kufunga chakula. Yote ni kauli ya kutendea, yote yana mtendewa wa nafsi ya kwanza, yote yako katika hali ya ombi inayoishia na "e". Huo ndio uti wa mgongo wa rejesta hii. Kumbukeni jina ambalo wauza vyakula wa Dar es Salaam walipewa na wateja wao: mama ntilie. Nitilie, yaani niwekee, nipakulie. Ombi la mteja limegeuka kuwa jina la anayeombwa. Baadaye lugha ya ofisini ikapendelea mama lishe, jina safi, lenye afya, na lisilo na mtu ndani yake. Katika ntilie kuna watu wawili na sahani katikati yao.

Nilimuuliza pia juu ya vile visahani. Akasema wakubwa huviita baitingi. Hili ni neno la kustaajabisha, kwa kuwa lina sura ya Kiingereza lakini Mwingereza halijui kwa maana hii. Ni Waafrika Mashariki walioliunda, na mimi huamini walilifinyanga juu ya kalibu ya vitafunwa vyao, ingawa hapa nakisia tu. Wadogo, akasema, husema "kitu cha kutafuna". Jambo hilo lenyewe si geni kwetu. Anayezunguka Forodhani, Zanzibar, jioni, akichukua mshikaki hapa, bajia pale, kisha bakuli la urojo lililochanganya kachori na viazi na ukali wa embe, amekula visahani vidogo kwa mpango ambao hakuna mpishi wa Ulaya angeweza kumfundisha. Na meza ya Ipogolo yenye nusu kilo ya nyama choma iliyokatwakatwa juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni, mikono minane ikiinyooshea, ni nini kama si kula kwa kushirikiana? Nyama choma nayo ina jambo lake. Sarufi yatudai "nyama ya kuchoma", lakini mzizi wa kitenzi umesimama peke yake kama kivumishi, na umeshinda kutoka Arusha hadi Nairobi. Hapo sitakaa.

Msidhani kwamba kila anayebuni jina hushindwa kama nilivyoshindwa. Mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, umejulikana kwa kileo cha vodka, ndimu, sukari na asali, kinachokorogwa kwa kijiti kilichochovywa asalini. Kimefanana na kinywaji cha Brazil, lakini kikaitwa dawa. Halikutoholewa neno, halikuundwa neno. Lilichukuliwa lile ambalo kila mtu analo nyumbani, lenye maana ya kuponya na, kwa chinichini, ya kuroga. Leo limo katika orodha za Kiingereza za hoteli za kitalii pande zote mbili za mpaka, na watalii hulitamka kabla hawajajua kusema asante. Kwetu Tanzania konyagi imepita njia ya kinyume: jina la mvinyo mkali wa Ufaransa lilisagwa na ndimi zetu, kisha likawekwa kwenye chupa ya kinywaji kingine kabisa, cheupe, cha miwa. Anayeagiza konyagi na tangawizi ameagiza kokteli. Hajui, na hapungukiwi na kitu.

Nilibakiwa na swali moja ambalo sikuwa na neno lake. Yule mwenye mgahawa alitaka kuandika, juu kabisa ya orodha, sifa ya mahali: ile hali ya mishumaa, mawe na muziki, inayomfanya mtu asitake kuondoka. Nilikuwa nimeweka "mandhari tulivu", nikijua kwamba mandhari ni ya kuonwa na macho, na kwamba utulivu hauelezi chochote kuhusu kicheko. Msichana akasema, "Si pamenoga?"

Supu ikikolea viungo, imenoga. Mazungumzo yakipamba moto, yamenoga. Bibi harusi amenoga. Na mahali nako hunoga, kwa kiambishi cha mahali kilichosimama kama kiima: pamenoga, papo hapa mezani, kumenoga, shughuli yote kwa jumla, mmenoga, humu ndani, ingawa la mwisho hili mjihadhari nalo, maana wanawake wa meza ya jirani wanaweza kudhani mmewasifia wao. Kiswahili hakikutenganisha ladha ya kilichomo sahanini na raha ya mahali sahani ilipo. Vilevile twasema pale panakalika, panalika, panyweka. Nomino za wenzetu za kueleza jambo hili nimezisoma katika lugha tatu, na zote hulichukulia kuwa kitu kilichowekwa na mwenye nyumba, kama pazia. Kitenzi chetu kinadai watu wawepo. Mgahawa mtupu wenye mishumaa haujanoga.

Nilimwambia mwenye mgahawa niliyoyasikia, nikamshauri amwite msichana wake amweleze. Alinisikiliza kwa heshima, akanilipa, na orodha ikachapwa kwa Kiingereza peke yake. Simlaumu kwa kukataa vitangulizi vyangu. Ningekuwa yeye ningevikataa. Ninachoeleza ni kwamba kulikuwa na Kiswahili cha aina mbili mbele yake. Kimoja kilitoka kwangu, mwenye shahada, nacho hakikusemeka. Kingine kilitoka kwa mtu aliyekitumia kila usiku mezani pake, na huyo hakuulizwa. Wala mimi nisingemuuliza, kama yeye mwenyewe hangenisahihisha. Vijana wanaosomea utumishi wa hoteli hufundishwa kumkaribisha mgeni, kueleza chakula na kupendekeza kinywaji kwa Kiingereza. Waingiapo kazini huchukuliwa kwamba Kiswahili chao cha mezani ni cha kuombea radhi. Nasi walimu wa sekondari na vyuo tulishawaambia kwamba hakina sarufi.

Mama yangu aliacha kuuza ulanzi zamani. Wateja wa barabarani wamepungua pale nyumbani, mabasi yana ratiba zake, na vijana wengi wa Ipogolo wanapenda chupa yenye lebo. Mwaka juzi nilimpelekea kijana wangu mmoja wa shahada ya uzamili amhoji kuhusu majina ya hatua za ulanzi, kutoka siku ya kwanza hadi usiponyweka. Kijana alikwenda na fomu. Mama akamwuliza kwanza kama amekula. Alipojibu kwamba bado, akamwambia hawezi kuhojiwa na mtu mwenye njaa, akampakulia. Kijana alirudi na majina saba, matatu kati yake sijawahi kuyasikia, na ukurasa wa fomu ulioandikwa "kazi ya mhojiwa" ameuacha wazi kwa kuwa hakujua aandike nini. Nilichukua kalamu nikaijaza: mwenye kilabu.

Msimu wa ulanzi unaanza mvua zitakaposhika. Nina nafasi ya wanafunzi wanne wa kwenda nao Ipogolo na vijiji vya jirani, wenye madaftari na wasio na haraka. Watakaopenda waniandikie majina yao kabla hatujatoka ukumbini.